Tunaulizia Ushuru, Tunasahau Zabuni: Uingereza Ilivyouza Afrika Mashariki Bila Upendeleo wa Forodha

Kila mjadala wa mikataba ya ubia wa kiuchumi unapoibuka Afrika Mashariki, enzi ya ukoloni huitwa kutoa ushahidi. Ilikuwa hivyo mwaka 2016, Bunge la Tanzania lilipoishauri serikali isitie saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Ikawa hivyo Desemba 2020, Kenya ilipotia saini mkataba wake na Uingereza, na imekuwa hivyo tena tangu mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya uanze kutumika tarehe 1 Julai 2024. Hoja inayorudiwa ni kwamba mkoloni alilitenga soko letu kwa ajili ya viwanda vya Manchester na Birmingham, akazitoza bidhaa zake ushuru mdogo na za wengine ushuru mkubwa, na kwamba mikataba hii inaturudisha palepale. Kwamba inaturudisha au haiturudishi ni jambo la kujadili. Lakini maelezo ya palepale tulipokuwa si sahihi, na kosa hilo lina gharama. Katika Kenya, Uganda na Tanganyika, sheria ya kimataifa iliizuia Uingereza kuzipa bidhaa zake upendeleo wa forodha. Iliuza kwa njia nyingine: zabuni za serikali, masharti ya mikopo, nauli za meli na reli, sarafu, viwango vya kiufundi, na kuvibana viwanda vya hapa. Anayepima mkataba wa leo kwa kutazama jedwali la ushuru peke yake analinda upande ambao hata zamani haukuwa na mwizi.

Katazo hilo lilizaliwa Berlin. Mkataba uliotiwa saini tarehe 26 Februari 1885 uliunda eneo la biashara huru lililoitwa bonde la Kongo, ingawa lilienea mbali sana nje ya mto Kongo: upande wa mashariki lilifika Bahari ya Hindi, kuanzia latitudo ya nyuzi 5 kaskazini hadi Zambezi inapoingia baharini. Ndani ya eneo hilo hakuna dola iliyoruhusiwa kuweka upendeleo au ukiritimba wa biashara. Ushuru wa bidhaa zinazoingia ulikatazwa kwanza, kisha makubaliano ya Brussels ya mwaka 1890 yakauruhusu usizidi asilimia 10 ya thamani. Baada ya Vita vya Kwanza, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ukaondoa kikomo hicho lakini ukabakiza usawa: kila nchi iliyotia saini, Japani ikiwemo, iwe na haki sawa sokoni. Tanganyika ilifungwa mara mbili, kwa kuwa hata hati ya udhamini ya Shirikisho la Mataifa ilidai usawa huohuo. Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi zilikuwa chini ya kanuni hizo pia. Rhodesia ya Kaskazini ilikatwa katikati na mpaka wa eneo hilo, ikawa koloni moja lenye taratibu mbili za forodha: upande wa bonde la Kongo bila upendeleo, upande wa bonde la Zambezi pamoja na upendeleo. Kwa hiyo mkutano wa Ottawa wa mwaka 1932 ulipopanga upendeleo ndani ya himaya nzima, Mombasa, Dar es Salaam na Tanga hazikuguswa.

Tuangalie nguo, maana ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu dukani. Jina lenyewe la merikani linatosha kusema nani alikuwa wa kwanza kulitawala soko hili. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na kwa miongo mitatu kitambaa kisichopaushwa cha viwanda vya New England kikawa kipimo cha ubora hadi bara. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839 kwa masharti yanayofanana, na bado haikuweza kuiondoa merikani. Sababu ilikuwa kwenye kitambaa. Viwanda vya Lancashire vilipaka nyuzi za mtande uji wa unga ili zisikatike kwenye kitanda cha kufumia, hatua ambayo kila kiwanda hufanya. Lakini tangu katikati ya karne ya 19 wengi walizidisha, wakachanganya na udongo mweupe wa kaolini ili jora lionekane zito na lililojaa. Mnunuzi akilifua mara moja, uzito unaondoka na maji, kinabaki kitambaa chepesi kama chandarua. Zaidi ya hapo, uji ukiwa mwingi na ndani yake mna kloridi ya magnesiamu inayovuta unyevu, robota likikaa wiki kadhaa kwenye tumbo la meli linaota ukungu. Ndiyo maana walilazimika kutia kloridi ya zinki kuuzuia. Merikani haikuwa na mapambo hayo. Ilitumika kama nguo, kama malipo ya wapagazi, na kama fedha njiani kwenda Unyamwezi, na fedha haiwezi kupungua uzito kwa kufuliwa. Kilichoivunja nguvu ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivyokata pamba. Pengo lilijazwa na Manchester kwa muda, kisha na viwanda vya Bombay, na wote wawili waliiga merikani na kuiuza kwa jina hilohilo.

Kisa cha Japani ni kikali zaidi kwa sababu kilitokea bendera ya Uingereza ikiwa tayari inapepea kote. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida kuja Afrika Mashariki kwa msaada wa serikali yake. Desemba 1931 Japani ikaachana na kiwango cha dhahabu, yaani kuifunga thamani ya fedha yake kwa dhahabu, yen ikashuka thamani, na bei za shuka, fulana na viatu vya mpira zikashuka nayo. Wakati huohuo mkulima wa pamba na mkonge alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya kipato chake kwa mdororo wa uchumi duniani. Wenye maduka, wengi wao Wahindi waliokuwa na ndugu na mawakala hadi Kobe na Osaka, waliagiza kile mteja wao alichoweza kukilipia. Katikati ya miaka ya 1930, Japani ndiyo iliyoongoza kwa mbali katika vitambaa vya pamba vilivyoingia hapa. Lancashire ililalamika, na Mei 1934 waziri wa biashara wa Uingereza, Walter Runciman, alitangaza kwamba makoloni yataweka vikomo vya kiasi cha nguo za Kijapani, vikikokotolewa kutokana na wastani wa miaka ya 1927 hadi 1931. Vilitumika Nigeria, Malaya, Ceylon na kwingineko. Ceylon walipokataa, London ililazimisha kwa amri. Kenya, Uganda na Tanganyika ziliachwa nje kwa sababu ya mikataba ya bonde la Kongo. Lancashire ilikuwa na gavana wake, polisi wake na bandari yake hapa, na haikuwa na uwezo wa kumzuia mshindani kwa forodha.

Palibaki ujanja mmoja wa forodha ulioheshimu maneno ya mkataba, nao unahitaji hesabu kidogo. Ushuru wa asilimia huwaumiza wauzaji wote kwa uwiano mmoja. Ushuru wa kiasi, yaani senti kadhaa kwa kila yadi au kwa kila jozi ya viatu, huonekana sawa kwenye karatasi lakini humwangukia zaidi mwenye bei nafuu. Tuseme, kwa mfano, yadi moja inauzwa senti 20 na nyingine senti 50. Ushuru wa asilimia 20 ni senti 4 kwa ya kwanza na senti 10 kwa ya pili. Badilisha uwe senti 10 kwa kila yadi: ya kwanza inalipa asilimia 50, ya pili bado asilimia 20. Hakuna nchi iliyotajwa, ila kila mtu anajua nani anauza yadi ya senti 20. Ushuru wa namna hiyo ulitumika Afrika Mashariki miaka ya 1930, kwa sehemu ili kuokoa mapato ya serikali bei ziliposhuka, na uliipunguza kasi Japani bila kuisimamisha. Mbinu hiyo ingali hai. Mitumba katika jedwali la pamoja la Jumuiya imetozwa asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, ipi ikizidi, na Rwanda mwaka 2016 ilipandisha yake kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Safari hii mwenye kalamu ni sisi, na lengo ni tofauti, lakini hesabu ni ileile.

Kutokana na kisa hiki wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa, na hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanasema: kumbe ukoloni Afrika Mashariki ulikuwa na biashara huru na ya haki, mlango wazi kwa wote, mteja akanufaika. Ni kweli mteja alivaa nguo ya Kijapani kwa bei ambayo mwenzake wa Nigeria alinyimwa baada ya 1934. Hilo si dogo, na sioni sababu ya kulificha. Lakini usawa wa Berlin ulikuwa usawa baina ya wauzaji wa nje. Mwafrika hakuwa mmoja wa waliosawazishwa. Hakukuwa na kifungu kilichompa haki ya kuuza, ya kukopa, ya kupewa zabuni, wala ya kujenga kiwanda. Uganda ni mfano wa karibu: mbegu za pamba ziligawiwa tangu 1903 kwa msukumo wa wafanyabiashara wa pamba wa Uingereza, na mwaka 1908 kanuni zikapiga marufuku vinu vya mkono vya kuchambulia pamba. Sababu iliyotolewa ilikuwa ubora wa nyuzi, na kweli vinu hivyo vilichanganya aina na kukata nyuzi. Matokeo yake ni kwamba hatua ya kwanza ya kuiongezea pamba thamani ilitoka mikononi mwa mkulima, ikabaki kwa mwenye mtaji wa kinu cha mashine. Na pamba hiyo, baada ya juhudi zote hizo kwa jina la Lancashire, kwa sehemu kubwa ikaishia Bombay.

Sasa tuje kwenye njia zilizofanya kazi. Ya kwanza ni manunuzi ya serikali. Idara ya ujenzi ikihitaji mabomba, saruji au daraja, haikununua sokoni. Iliandaa hati ya maagizo, ikaipeleka London kwa Mawakala wa Ufalme, ofisi iliyokuwapo tangu 1833 na iliyonunua kwa niaba ya makoloni yote. Wao walialika bei kutoka kwa kampuni zilizo kwenye orodha yao tu, wakaajiri wahandisi washauri wa kukagua kiwandani, wakapanga meli, wakakata ada yao, na kulipa kutoka kwenye akaunti ya koloni iliyokuwa hukohuko. Mjapani hakukatazwa kuuza mabomba Tanganyika, hakualikwa tu. Mkataba wa Saint-Germain ulisimamia forodha, haukusimamia ofisi ya Mawakala hao iliyokuwa Millbank, London. Reli ndiyo ilikuwa mteja mkubwa. Mwaka 1926 injini za kwanza za Garratt kutoka Beyer, Peacock ya Manchester zilifika Reli ya Kenya na Uganda, na hadi katikati ya miaka ya 1950 kiwanda hicho kilikuwa bado kinaleta: injini 34 za aina ya 59, kila moja ikikaribia tani 252.

Mkopo ulifunga fundo hilo. Sheria ya maendeleo ya makoloni ya mwaka 1929 ilitenga hadi pauni milioni 1 kwa mwaka, na maneno yake yenyewe yalisema lengo ni kukuza kilimo na viwanda vya makoloni ili kukuza biashara na viwanda vya Uingereza, iliyokuwa na watu wengi wasio na kazi. Daraja lilijengwa Tanganyika, chuma kikayeyushwa Uingereza, deni likabaki Tanganyika.

Kisha viwango. Jambo hili huonekana dogo mpaka kitu kiharibike. Nyuzi za bolti za Whitworth zina pembe ya digrii 55. Za metriki zina digrii 60. Nati ya moja haikai sawasawa kwenye bolti ya nyingine: ukilazimisha, inashika mizunguko miwili kisha inakula nyuzi, na kwenye mashine inayotetemeka inalegea. Kwa hiyo aliyenunua mashine moja ya Kiingereza alihitaji spana za Kiingereza, bolti za Kiingereza, na fundi aliyefundishwa kwa vipimo vya Kiingereza, miaka 30 mbele. Umeme nao ukafuata. Plagi ya miguu mitatu bapa yenye fyuzi ndani, kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, ndiyo inayotumika hadi leo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ilhali ukivuka kwenda Kigali, Bujumbura au Bukavu unakuta miguu ya mviringo ya Wabelgiji. Forodha zimeshabadilishwa mara nyingi tangu uhuru. Tundu la ukutani halijabadilika.

Nauli za meli zilikuwa na kamba yake. Kampuni zilizokuwa kwenye umoja wa wenye meli zilimrudishia msafirishaji sehemu ya nauli, mara nyingi asilimia 10, lakini baada ya miezi kadhaa na kwa sharti kwamba katika kipindi chote hicho hakutumia meli ya nje ya umoja hata mara moja. Akijaribu meli nafuu kwa shehena moja, anapoteza marejesho ya shehena zote zilizotangulia. Ndiyo maana Japani ilianza kwa kuleta meli zake mwenyewe kabla ya kuleta nguo kwa wingi. Sarafu ikaongeza wepesi: Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kuendeshwa London, iliifunga shilingi 20 kwa pauni moja, kwa hiyo muuzaji wa Birmingham hakubeba hatari yoyote ya kubadilisha fedha. Baada ya Vita vya Pili, udhibiti wa fedha za kigeni na leseni za kuagiza vilifanya kazi ambayo upendeleo wa forodha haukuweza: mwenye duka aliyetaka bidhaa ya Marekani aliambiwa hakuna dola.

La mwisho ni viwanda. Miaka ya 1930 kiwanda cha Tanga kilichosokota kamba za kufungia mavuno kutokana na mkonge wa hapohapo kilianza kuuza Uingereza. Kilikuwa na faida ya wazi: singa hazikuhitaji kusafirishwa kwanza. Watengenezaji wa kamba wa Uingereza walipiga kelele, Ofisi ya Makoloni ikakishinikiza kiwanda, na kabla ya Vita vya Pili kilikuwa kimefungwa. Hakuna ushuru wa Afrika Mashariki uliohusika. Linganisha na Jinja mwaka 1954: kiwanda cha nguo cha Nyanza kilianzishwa kwa ushirikiano wa shirika la maendeleo la Uganda na Calico Printers' Association ya Manchester. Soko la kuuza vitambaa lilipokuwa limeponyoka, Manchester ilikubali kuuza mashine, utaalamu na usimamizi.

Hoja nzito dhidi ya msimamo wangu ipo, na inatoka Kenya. Mwaka 1922 na baadaye, ushuru wa Kenya ulipandishwa kwa unga wa ngano, siagi, jibini, sukari, mbao na bidhaa nyingine ili kuwakinga walowezi, na reli ikawapa mazao ya nchini nauli ndogo huku bidhaa za kuagiza zikilipa kubwa. Kwa sababu forodha ziliunganishwa, mlaji wa Uganda na baadaye wa Tanganyika alilipia kinga hiyo. Kwa hiyo ushuru ulikuwa silaha; siwezi kusema haukuwa na uzito. Ila tazama ulimkinga nani: mlowezi wa Nakuru, si kiwanda cha Uingereza. Ushuru wa ngano ulimpiga mwagizaji wa unga kutoka popote, Uingereza ikiwemo, na ndiyo maana mkataba wa usawa haukuuzuia. Kilichoamua ni nani aliyekaa kwenye meza ya kupanga viwango, na Mwafrika hakukaa.

Tukirudi kwenye mikataba ya leo, jedwali la ushuru la mkataba wa Kenya na Uingereza linafungua sehemu kubwa ya soko hatua kwa hatua kwa miaka 25, na ni halali wenye viwanda kulisoma mstari kwa mstari. Kenya pia ilikuwa na sababu ambayo Tanzania, Uganda na Rwanda hazikuwa nayo: haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo madogo zaidi, na bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru, kama ilivyotokea Ulaya kuanzia Oktoba 2014 hadi mwishoni mwa Desemba. Lakini wakala wa serikali ya Uingereza wa kudhamini mikopo ya mauzo ya nje, UKEF, yuko tayari kubeba mkopo wa mradi iwapo angalau asilimia 20 ya thamani ya mkataba inatoka Uingereza. Uwanja wa ndege wa Kabaale, Hoima, ulijengwa kwa mkopo ulioungwa mkono na wakala huyo. Si jambo baya kwa lenyewe. China na wengine wana masharti mazito zaidi, na riba inaweza kuwa nzuri. Ila hiyo asilimia 20 haimo kwenye jedwali lolote la ushuru, na swali la vifaa gani vitakuwa ndani yake huamuliwa wakati wa kuandika vigezo vya zabuni. Mhandisi akiandika kiwango cha pampu, cha kebo au cha programu ya kuongozea ndege, ameshaamua vipuri vitanunuliwa wapi kwa miaka 30 ijayo.

Mkataba wa Kenya na Uingereza una kifungu cha kukutana tena, kinachotaka pande mbili zijadiliane ndani ya miaka 5 tangu uanze kutumika Machi 2021 kuhusu huduma, uwekezaji, ushindani, hakimiliki na uwazi katika manunuzi ya umma. Hayo ndiyo mambo ambayo Saint-Germain iliyaacha wazi na Millbank ikayatumia. Wataalamu wa manunuzi, wa viwango na wa bima za mikopo wanapaswa kuwa kwenye meza hiyo pamoja na watu wa forodha, na rasimu zao ziwafikie wenye viwanda wa Thika, Jinja na Mwanza kabla ya kutiwa saini, kwa kuwa vigezo vikishaandikwa kwenye zabuni ya kwanza, itakayofuata huvinakili.